Barua ya wazi kwa Naibu Chansela: Tupeni mkutubi mkuu

Kwa Naibu Chansela,
na kwa Mwenyekiti na wanachama wa Baraza la Chuo,

Profesa,

KUH: KITI CHA MKUTUBI MKUU KILICHOACHWA WAZI NA HALI YA MAKTABA YA BEWA LA KISUMU

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya upili upande wa Ahero, na jioni ni mwanafunzi wa uzamili katika bewa la chuo chako hapa Kisumu. Barua hii naitoa hadharani kwa kuwa juhudi za faraghani zimegonga ukuta. Tulimwandikia mkuu wa kitivo. Tulimwona msajili. Wawakilishi wetu walilifikisha jambo hili katika kikao cha wanafunzi na wasimamizi, wakarudi na neno lile lile tunalolijua, kwamba suala letu "linashughulikiwa". Jina la chuo nimelihifadhi, maana sina haja ya kukivua nguo sokoni chuo ninachotaka kinipe shahada. Wewe unajijua, na wenzangu wa masomo ya jioni wanajijua.

Kabla sijafika kwenye malalamiko, niruhusu nikusimulie habari za mwalimu mwingine wa hisabati.

Shiyali Ramamrita Ranganathan alizaliwa 1892 kusini mwa India, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Tamil Nadu. Alifundisha hisabati katika vyuo vya serikali, kikiwemo Presidency College mjini Madras, ambao siku hizi unaitwa Chennai. Chuo Kikuu cha Madras kilipotangaza nafasi ya mkutubi, waliojitokeza walikuwa takriban 900, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesomea kazi hiyo. Ranganathan alisukumwa na marafiki kuomba, na mshahara nao ulikuwa mnono kuliko wa mwalimu (hapo walimu wenzangu hawahitaji maelezo). Alichokijua kuhusu maktaba alikisoma kwenye ensaiklopidia siku chache kabla ya mahojiano. Kilichombeba ni kwamba alikuwa na makala kadhaa za utafiti, na kamati ilitaka mtu anayejua utafiti ni nini.

Aliingia kazini Januari 1924. Baada ya wiki chache tu alikuwa ameshachoka. Jengo lilikuwa kimya, wasomaji wa kuhesabu, naye amezoea darasa lililojaa. Akaenda kwa wakubwa kuomba arudishiwe chaki yake.

Sehemu inayofuata, Profesa, ndiyo ninayokuomba uisome mara mbili. Wakubwa wa Madras hawakumwachia aende zake, wala hawakumpa kaimu kiti hicho. Walimwambia: nenda London ukaisomee kazi hii, ukirudi na bado hutaki, darasa lako lipo. Akaenda University College London, akafundishwa na W. C. Berwick Sayers, ambaye mwenyewe alikuwa mkutubi mkuu wa Croydon, na akazizungukia maktaba za Uingereza moja baada ya nyingine. Huko aliona watoto, wafanyakazi na akina mama wakiingia maktabani kama watu wanaoingia kwao. Aliporudi mwaka 1925 hakuomba tena darasa. Alikaa kwenye kiti kile kwa takriban miaka 20.

Katika miaka hiyo alirefusha saa za kufungua maktaba, akatetea rafu za wazi ili msomaji akiguse kitabu kwa mkono wake mwenyewe, na akawafundisha wahudumu kumfuata msomaji badala ya kumsubiri kaunta. Mwaka 1928 alisaidia kuanzisha chama cha maktaba cha Madras. 1929 akaanza kufundisha wakutubi wengine. Mwaka 1931 alichapisha zile kanuni tano ambazo hadi leo kila mwanafunzi wa ukutubi anazikariri, pamoja na wale wanaofunzwa Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret: vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake, okoa muda wa msomaji, maktaba ni kiumbe kinachokua. Baadaye alihamia vyuo vikuu vya Banaras na Delhi, akaipigania sheria ya maktaba za umma ya Madras ya 1948, akaanzisha kituo cha utafiti na mafunzo mjini Bangalore mwaka 1962, na akatoa rupia laki moja za akiba yake kwa Chuo Kikuu cha Madras ili pawe na kiti cha profesa wa ukutubi. Alifariki 1972. India huadhimisha siku ya wakutubi tarehe 12 Agosti kwa heshima yake.

Watu humtaja Ranganathan kama kipaji, na kweli alikuwa nacho. Lakini mimi nikiisoma habari yake nawaona pia wale waliomwajiri, ambao majina yao hayasomwi na mtu. Walitangaza nafasi, wakaijaza, wakamlipa vizuri, wakamsomesha, kisha wakampa miaka ya kufanya kazi. Hayo ni mambo ya Baraza la Chuo. Yako ndani ya uwezo wako, Profesa, na ndiyo maana barua hii imekuja kwako.

Sasa malalamiko yetu.

1. Kiti chenyewe. Tangu mkutubi mkuu aliyekuwepo astaafu, nafasi haijatangazwa. Tumepata kaimu baada ya kaimu, na wa sasa ni afisa wa utawala aliyeletwa kutoka upande wa usafiri na bohari. Sina neno baya juu yake. Ni mtu mwungwana, anasalimia, na ndiye aliyepigania paa likazibwa mvua za masika zilipotulowesha. Ila ukimuuliza kuhusu uorodheshaji wa vitabu anakuelekeza kwa vijana wa mafunzo ya nyanjani, ambao nao wanaondoka muhula ukiisha. Kaimu hawezi kuketi katika Seneti ya chuo akabishana na wakuu wa vitivo juu ya bajeti. Kaimu hasaini mkataba wa miaka mitatu. Tumekuwa kama watu wenye mashua ya injini mpya, imefungwa pale ufukweni Dunga, wageni wanaipiga picha, na nahodha hakuna.

2. Saa. Maktaba yetu hufungwa saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa sita mchana Jumamosi. Jumapili ni kufuli. Masomo ya jioni huanza saa kumi na moja na nusu. Piga hesabu wewe mwenyewe: mwalimu anayetoka kazini Ahero, muuguzi anayetoka zamu, karani wa kaunti, wote wanafika bewani mhudumu akiwa tayari anazima taa. Tunalipa ada ya maktaba kila muhula, imeandikwa kwenye hati ya karo, mstari wake peke yake. Chuo kimetuuzia masomo ya jioni kikaitunza maktaba ya mchana. Wanafunzi wengine sasa husomea mikahawani, mahali ambapo kikombe kimoja cha chai lazima kikalishe mtu saa tatu, na mwenye mkahawa naye ana macho.

3. Rafu zilizofungwa. Nasikia zilifungwa kwa sababu vitabu viliibwa. Sasa unaandika namba kwenye kikaratasi, unampa mhudumu, unangoja. Muhula uliopita niliomba kitabu cha takwimu, nikaletewa kingine kwa makosa. Nilipokifungua nikakuta ndicho nilichokuwa nikikihitaji tangu nianze pendekezo langu la utafiti: kina sura nzima ya sampuli za tabaka, yenye mifano iliyopigwa hatua kwa hatua. Nyuma yake, kwenye ile karatasi ya mihuri ya tarehe, muhuri wa mwisho ulikuwa wa 2011. Nikarudi kwenye katalogi kukitafuta kwa jina, kwa mwandishi, kwa mada. Hakimo. Kwa mashine yetu kitabu hicho hakipo duniani, na mimi nilikuwa nimekishika mkononi.

Kila kitabu na msomaji wake, alisema Ranganathan, na alimaanisha kwamba maktaba ina wajibu hata kwa kitabu kilicholala. Rafu ikiwa wazi, msomaji aliyefuata kimoja hukutana na jirani yake. Rafu ikifungwa, katalogi ndiyo macho pekee, na yetu ina mtoto wa jicho. Wizi ni tatizo la kweli, silikatai. Lakini vyuo vingi vimeweka lango linalolia kitabu kikipitishwa bila kuazimwa, na wanafunzi wao wanatembea kati ya rafu. Sisi tumewafungia wasomaji wote kwa ajili ya wezi wachache.

4. Tasnifu. Hapa nitakaa kidogo, maana panaumiza zaidi. Chini ya ngazi za ghorofa ya kwanza kuna makatoni. Ndani yake mna tasnifu za uzamili na uzamifu zilizoandikwa na watu wa bewa hili kuhusu mambo ya hapa: gugumaji katika Ghuba ya Winam, mafuriko ya Nyando, mpunga wa mradi wa unyunyizaji wa Ahero, malaria, bei ya mbuta pwani ya ziwa. Katoni moja imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: "2016 MCHANGANYIKO". Nyingine haina kitu juu yake ila alama ya maji yaliyopanda kutoka sakafuni.

Kazi hizo zilifanywa na watu waliovuka mito, wakahoji wakulima, wakalipia uchapishaji na ujalidi kutoka mifukoni mwao. Leo mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya mpunga wa Ahero anaanza sifuri, anawahoji wakulima wale wale maswali yale yale, na wakulima wamechoka. Nina jirani analima huko. Amenionya kwamba mwanafunzi mwingine akija na dodoso, atamfungulia mbwa.

Kwa mkutubi aliyeisomea kazi, hii si kazi ngumu kuianza. Ranganathan alipokuwa London aliona dukani kichezeo cha kuunganisha, Meccano: vipande vya chuma, magurudumu na boliti, mtoto anajenga nazo winchi leo na daraja kesho. Akajiuliza kwa nini mada za vitabu zisiunganishwe hivyo hivyo. Mfumo wake wa uainishaji, uliochapishwa 1933, unaichambua mada katika sehemu zake: kitu chenyewe, kinachokiunda, kinachofanyika, mahali, na wakati, kisha kuziunganisha kwa alama, nukta mbili zikiwa maarufu kuliko zote. Vyuo vyetu vingi hutumia mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani au ule wa Dewey, na sikuombi uubadilishe. Ninachosema ni kwamba tasnifu juu ya kupungua kwa mbuta katika Ghuba ya Winam ikichambuliwa namna ile, anayetafuta samaki ataipata, anayetafuta ghuba ataipata, na anayetafuta muongo fulani ataipata. Ukiitia kwenye katoni ya mchanganyiko, ataipata panya.

5. Majarida ya mtandaoni. Chuo kinalipia, na tunashukuru. Lakini majarida hayo yanafunguka kwenye kompyuta za bewani tu, nusu ya kompyuta hizo hazina uhai, na tumeshaona saa za maktaba zilivyo. Mwanafunzi aliye nyumbani Nyamasaria au Maseno hana namna ya kuingia, kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kumfungulia akaunti.

6. Ukumbi wa kusomea wa chini umegeuzwa ofisi za mitihani. Tuliambiwa ni kwa muda. Mapazia yameshawekwa.

Profesa, najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo nitayapokea mlangoni.

Mtasema fedha hakuna. Tangu mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo uanze 2023 kila mtu anajua vyuo vya umma vinahema, na mishahara yenyewe huchelewa. Sijafumba macho. Lakini nimeomba nini cha fedha nyingi? Saa za jioni zinahitaji wahudumu wawili wa zamu na askari ambaye tayari analinda lango. Tasnifu zinahitaji skana, kompyuta moja na mtu anayejua anachofanya. Programu ya Koha, inayoendesha katalogi za maktaba nyingi duniani, ilianzia Nyuzilandi na inatolewa bila malipo ya leseni tangu 2000. Mwaka 1931, karibu na Mannargudi, vitabu vilipakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe vikapelekwa vijijini, na Ranganathan alikuwa miongoni mwa walioutia moyo mpango huo. Hapa kwetu, tangu 1996, Huduma ya Maktaba za Kitaifa imevipeleka kwa ngamia kule Garissa. Nchi iliyompakia ngamia vitabu haishindwi kuwasha taa za Kisumu hadi saa tatu usiku.

Mtasema kila kitu kipo kwenye intaneti. Tasnifu zetu hazipo. Zipo chini ya ngazi. Na yaliyopo ni mengi mno. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu anaweza kuyafungua, kazi ni kujua lipi la kuaminika na lipi la kuuza dawa. Wingi huo ndio unaomfanya mkutubi ahitajike kuliko zamani.

Mtasema wanafunzi wa siku hizi hawasomi, na ushahidi ni viti vitupu. Viti ni vitupu saa nne asubuhi, wakati wa darasa. Hesabuni saa moja jioni, mlango ukiwa wazi, ndipo tuzungumze. Ranganathan naye aliikuta maktaba tupu mwaka 1924. Angeichukulia hali ile kuwa ripoti juu ya tabia za watu wa Madras, angerudi kwenye chaki.

Na wapo watakaosema kwamba kitengo cha teknolojia kinaweza kuisimamia maktaba. Nawaheshimu vijana wa kitengo hicho, wanafanya kazi usiku stima ikipotea. Lakini seva na vitabu si taaluma moja. Mtu wa seva anajua kama mfumo uko hewani. Hajui, wala si kazi yake kujua, kwamba mwanafunzi wa uuguzi anayesema anatafuta "kitu cha sukari" anahitaji kuulizwa maswali matatu kabla hajapelekwa rafu yoyote.

Basi tunaomba yafuatayo.

Kwanza, nafasi ya mkutubi mkuu itangazwe kabla ya muhula ujao kuanza, kwa ushindani wa wazi, na atakayeipata awe amesomea ukutubi na aketi katika Seneti akiwa na sauti kamili. Kama mna hofu kwamba hatapatikana mwenye sifa zote, fanyeni walivyofanya Madras: mchukueni mwenye kichwa, mkamsomeshe. Kati ya wahudumu wenu wa sasa yupo mmoja, simtaji nisimletee taabu, anayekumbuka kitabu kilipo kuliko katalogi yenu.

Pili, saa ziongezwe mara moja hadi saa tatu usiku siku za kazi, na Jumamosi kutwa. Hili halihitaji kungoja la kwanza.

Tatu, makatoni yale yatolewe sakafuni wiki hii. Kuyaorodhesha kunaweza kuchukua mwaka. Kuyainua ni kazi ya watu wanne na adhuhuri moja, na tukiombwa tutakuja wenyewe.

Nne, ukumbi wa chini urudishwe, au tupewe kwa maandishi tarehe utakaporudishwa.

Tano, tuonyeshwe ada ya maktaba imetumikaje katika miaka mitatu ya fedha iliyopita. Ombi hili nimeliandika pia kwenye barua rasmi niliyoiacha masjala na kugongewa muhuri, chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaipa taasisi ya umma siku 21 kujibu. Rafu, saa na majarida tunaweza kuyajadili mezani. Hili la tano lina sheria yake.

Wenzangu wa darasa la jioni wamenituma niongeze kwamba tuko tayari kukutana nawe siku yoyote utakayoitaja, mradi iwe baada ya saa kumi na moja, maana kabla ya hapo tuko kazini. Tungependa kikao hicho kifanyike maktabani, na kwa saa hiyo itabidi kwanza uagize ufunguo uletwe.

Wako kwa heshima,

Mwalimu wa hisabati na mwanafunzi wa uzamili, masomo ya jioni,
kwa niaba yangu na ya wenzangu,
Kisumu

Nakala kwa:
Mwenyekiti, Baraza la Chuo
Msajili, Masuala ya Masomo
Kaimu Mkutubi Mkuu
Chama cha Wanafunzi, Bewa la Kisumu